Shirika dogo na wachangiaji wa karibu: mwongozo wa kujijengea ithibati na kupima utoaji wa mtaani

Watu wa mtaani kwenu wanatoa. Wanatoa msibani na harusini, msikitini na kanisani, kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, na kwa jirani ambaye mwanawe amelazwa. Lakini shirika lenu, lenye cheti kilichotundikwa ukutani, likitembeza bakuli, wale wale wanaotoa kila wiki wanakuwa wagumu. Viongozi wengi hukata tamaa hapo, wakasema Watanzania hawana utamaduni wa kuchangia, kisha wakarudi kuandika maombi kwa wafadhili wa nje.

Kauli hiyo haina ukweli. Mara nyingi tatizo ni kwamba shirika halijaonyesha kwa nini liaminiwe, na wakati huohuo halijui watu wake wanatoa vipi, kwa nani na msimu gani. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Pakistan waliyaunganisha mapema: utafiti kuhusu mwaka 1998 ulikadiria kwamba wananchi walitoa fedha, vitu na muda vyenye thamani ya takriban rupia bilioni 70 kwa mwaka mmoja. Ukafuata mkutano mkubwa Islamabad mwezi Oktoba 2000, na mwaka 2001 kikaanzishwa Pakistan Centre for Philanthropy. Kituo hicho kinatafiti utoaji, na tangu 2003, kwa idhini ya mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, kinayakagua mashirika na kuyapa ithibati, yaani uthibitisho kwamba yanaendeshwa vizuri. Kwanza walijua fedha zipo, ndipo wakajiuliza kwa nini haziendi kwenye mashirika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa shirika dogo la Tanzania Bara: wajumbe wachache wa bodi, mhasibu mmoja au mweka hazina wa kujitolea, bajeti isiyotosha kumleta mshauri kutoka Dar es Salaam. Zanzibar ina sheria na msajili wake. Kenya nako wanafuata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Msomaji wa huko achukue hatua za kujitathmini na za utafiti, habari za usajili na kodi aziulize kwao.

Hatua ya 1: Jua cheti chenu kinasema nini

Cheti cha Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO) kinatolewa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, iliyofanyiwa marekebisho 2005 na 2019. Kinasema kwamba shirika lipo kisheria na liko ngazi ipi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Hakisemi kwamba fedha zenu zinatunzwa vizuri. Mchangiaji makini analijua hilo, ndiyo maana ukimwonyesha cheti anatikisa kichwa kwa adabu na mfuko wake unabaki umefungwa.

Kabla ya yote, hakikisheni mmesajiliwa mahali panapowafaa. Kikundi kidogo cha kijamii kinaandikishwa halmashauri. Kikoba kina sheria yake, ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Klabu ya michezo na taasisi ya dini nazo haziingii kwenye sheria ya NGO. Nimeona vikundi vilivyojiita NGO kwenye barua zao kwa sababu jina linapendeza, na barua ya kwanza ya benki ikawaumbua.

Kisha fanyeni zoezi dogo lisilo na gharama. Wekeni mezani cheti, katiba, namba ya mlipa kodi (TIN), kadi ya saini za benki na usajili wa lipa namba. Soma jina la shirika kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. "Foundation" huku na "Taasisi" kule, au herufi moja iliyozidi, inatosha kukwamisha malipo ya mchangiaji au ombi lenu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Rekebisheni sasa, kabla hamjahitaji.

Angalieni pia tarehe. Tangu marekebisho ya 2019, cheti kina uhai wa miaka 10, kisha kinahuishwa. Ada ya mwaka na taarifa ya mwaka kwa Msajili si mambo ya kukumbushwa. Na kama mmepata mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya ndiye mtu wa kumuuliza kwanza, na kwa kawaida anafurahi kuulizwa kabla ya kosa kuliko baada.

Hatua ya 2: Nendeni TRA mkijua mnachokitafuta

Hapa kuna dhana potofu nyingi kuliko popote. Ya kwanza ni kwamba NGO hailipi kodi. Usajili wa NGO haukupi hadhi ya taasisi ya hisani mbele ya kodi. Hadhi hiyo inaombwa kwa Kamishna wa TRA chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, na Kamishna anatoa uamuzi wa maandishi. Sheria inataka taasisi iwe ya manufaa ya umma na ifanye kazi hizo tu: kuwaondolea watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma kwa umma za afya, elimu, maji au barabara. Neno zito hapo ni "tu". Katiba inayosema shirika litasaidia yatima, na pia litafanya biashara ya usafirishaji na kukopesha wanachama, inampa ofisa wa kodi sababu nzuri ya kukataa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua, isomeni katiba kwa macho ya mtu asiyewapenda. Malengo yaandikwe kwa maneno yanayoshabihiana na ya sheria. Kuwe na kifungu kinachokataza kugawana ziada, na kingine kinachosema mali itakwenda wapi shirika likivunjwa: kwa taasisi nyingine ya hisani, si kwa waanzilishi. Mkibadilisha katiba, mabadiliko yapite kwenye mkutano mkuu na kwa Msajili kwanza. Kisha andaeni ombi: barua kwa Kamishna, cheti, katiba, TIN, hesabu zilizokaguliwa na maelezo mafupi ya kazi zilizofanyika. Kazi zilizofanyika, si ndoto za miaka mitano.

Dhana ya pili ni kwamba ukipata hadhi hiyo umemalizana na TRA. Hapana. Ritani ya kodi inaendelea kuwasilishwa. Mishahara inakatwa kodi ya mshahara (PAYE). Mkilipa pango, mnazuia asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Shirika likikamatwa kwa kutozuia kodi ya pango, TRA inalidai shirika. Mnalipa ninyi, tena kutoka kwenye fedha za yatima.

Dhana ya tatu ndiyo inayohusu uchangishaji hasa. Watu wanadhani nafuu ya kodi ndiyo itakayowaleta wachangiaji. Tufanye hesabu. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kupunguza kwenye mapato yake ya biashara mchango aliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, lakini si zaidi ya asilimia 2 ya mapato hayo. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 100 baada ya kutoa gharama inaweza kupunguza milioni 2 tu. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, nafuu halisi ni shilingi 600,000. Mkurugenzi akitoa milioni 10, ile milioni 8 iliyobaki haina nafuu yoyote. Na mwalimu anayekatwa PAYE kwenye mshahara hapati hata senti, maana nafuu hiyo inapigwa kwenye mapato ya biashara.

Maana yake ni kwamba hadhi ya TRA ni ya lazima kwa kampuni kubwa, zenye wahasibu wanaouliza karatasi, lakini haitamfungua mkono muuza duka wala muuguzi. Hao wanahitaji kitu kingine.

Hatua ya 3: Jitathminini kama mnaokaguliwa na mgeni

Ufilipino, mwishoni mwa miaka ya 1990, mitandao mikubwa ya mashirika iliunda baraza lake la ithibati, Philippine Council for NGO Certification. Mamlaka ya kodi inategemea ithibati yake inapoamua shirika lipi lipewe hadhi ambayo wachangiaji wake wanapata nafuu. Jambo zuri la mfumo ule ni kwamba wakaguzi ni watu wa mashirika mengine, wanaoijua kazi na hila zake. Uganda nako, mwaka 2006, mashirika yalizindua mfumo wa kujithibitisha wenyewe kwa wenyewe unaojulikana kama QuAM. Pakistan wanapima maeneo matatu: uongozi wa ndani, usimamizi wa fedha na utekelezaji wa kazi. Ufilipino wana maeneo sita. Kwa shirika dogo, matatu ya Pakistan yanatosha kabisa.

*Uongozi.* Chukueni orodha ya bodi, andikeni mbele ya kila jina uhusiano wake na mwanzilishi. Mke, shemeji, binamu, mchungaji wa familia. Sheria inaweza isiwakataze, lakini jiulizeni: bodi hii inaweza kumfukuza mkurugenzi akiiba? Kama jibu ni kicheko, hamna bodi, mna ukoo. Tafuteni angalau wajumbe wawili au watatu wasio na undugu wala biashara na shirika. Kisha toeni mihtasari ya vikao vitatu vya mwisho. Je, akidi ilitimia? Kuna mahali bodi ilikataa jambo, au iliuliza swali la fedha? Muhtasari unaosema "wajumbe wote waliafiki" kwenye kila ajenda humfanya mkaguzi mzoefu asogeze kiti karibu.

Andikeni pia kanuni ya mgongano wa maslahi, nusu ukurasa tu. Mfano wa kawaida ni gari la mwenyekiti linalokodiwa na shirika. Si lazima iwe wizi, na huenda ndilo gari la bei rahisi kuliko yote mjini. Lakini mwenyekiti atangaze, atoke nje ya kikao, bei zilinganishwe na za wengine wawili, na iandikwe kwenye muhtasari.

*Fedha.* Kanuni mama ni hii: anayeomba fedha, anayeidhinisha na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Mkiwa watatu tu ofisini bado inawezekana. Mkiwa wawili, mjumbe wa bodi aidhinishe kwa simu na ujumbe wake uhifadhiwe. Kila mwisho wa mwezi, daftari la fedha lilinganishwe na taarifa ya benki pamoja na taarifa ya lipa namba, na mtu asiye mweka hazina asaini kwamba ameona. Michango isiingie kwenye simu binafsi ya mtu yeyote, hata kama ndiye mwaminifu kuliko wote. Siku akifariki, fedha za shirika zitakuwa mirathi.

Sasa fanyeni jaribio ambalo kila mkaguzi hulifanya. Mtu wa nje achague malipo matano kutoka kwenye taarifa ya benki bila kuwaambia mapema. Kwa kila moja mtafute: nani aliomba, nani aliidhinisha, hati ya malipo, risiti, na ushahidi kwamba kitu kilichonunuliwa kipo au kilitumika. Mkipata matano kwa matano chini ya saa moja, mko vizuri. Mkipata matatu, kazi ipo. Msilalamike kwamba mama wa sokoni hatoi risiti ya mashine. Hati ya malipo yenye jina lake, namba ya simu, kiasi, tarehe, saini yake na ya shahidi inakubalika kwa manunuzi madogo. Kisichokubalika ni karatasi kumi zenye mwandiko mmoja. Wakaguzi wa nje muwachukue walioandikishwa na bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA. Wengine wanaokuja na muhuri na bei ya kutupa wanawauzia karatasi tu.

Benki nazo zimekuwa kali. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Oktoba 2022, ikaondolewa Juni 2025. Maswali mnayoulizwa na meneja wa tawi kuhusu fedha iliyotoka nje yana uhusiano na mambo hayo, kwa hiyo msiyachukulie kama kuonewa. Wekeni faili la kila mchango mkubwa: nani katoa, kwa nini, kwa barua ipi.

*Kazi.* Hapa mashirika mengi hujificha nyuma ya picha. Picha ya watoto wenye sare mpya haithibitishi kitu, zaidi ya kwamba siku hiyo kulikuwa na kamera. Mtathmini mzuri anataka orodha ya walionufaika, namna walivyochaguliwa, na uwezo wa kuwapigia baadhi yao simu. Swali gumu kuliko yote ni la uchaguzi: kwa nini huyu alipata na jirani yake hakupata? Kama vigezo vimeandikwa na vilitangazwa kwenye mkutano wa mtaa, jibu ni jepesi. Kama mlipewa majina na diwani, semeni hivyo na mtengeneze utaratibu mwingine. Kuwe pia na njia ya kulalamika isiyopita kwa anayelalamikiwa. Na watoto wasitangazwe sura, majina na hali zao za kiafya kwa ajili ya kuchangisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa ninyi pia.

Mkimaliza kujipima, tafuteni shirika jirani mbadilishane wakaguzi. Watu wawili wao waje kwenu siku moja, wawili wenu waende kwao siku nyingine. Chai ya kawaida tu, posho hakuna. Wapeni faili zote, waacheni peke yao chumbani, mwisho waandike ukurasa mmoja: kilicho sawa, cha kurekebisha ndani ya miezi mitatu, na cha hatari. Ukurasa huo usomwe kwenye bodi ukiwa mzima. Lakini msiuchape kwenye kalenda na kuuita ithibati. Ni tathmini ya wenzenu, na heshima yake inatokana na kuuita hivyo.

Hatua ya 4: Wafungulieni hesabu wachangiaji

Kila mchango, hata wa shilingi 1,000, upate stakabadhi yenye namba au ujumbe wa simu siku hiyohiyo. Kila robo mwaka bandikeni karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na mishahara ikiwemo. Msifiche mishahara. Mtu akiona mratibu analipwa kiasi cha kawaida atanung'unika wiki moja. Akigundua baadaye kilifichwa, hatawaamini tena. Kamati za misiba zimelijua hili siku nyingi: kabla watu hawajatawanyika, mtu anasimama na kusoma michango na matumizi hadi ya maji ya kunywa. Ndiyo maana zinachangiwa.

Hatua ya 5: Amueni mnapima nini hasa

Sasa upande wa utafiti. Ripoti ya dunia ya utoaji iliyokuwa ikitolewa na taasisi ya Uingereza ya Charities Aid Foundation iliiweka Kenya nafasi ya pili mwaka 2024, nyuma ya Indonesia. Maswali yake yalikuwa matatu: katika mwezi uliopita umemsaidia mtu usiyemjua, umetoa fedha kwa shirika la hisani, umejitolea muda wako kwa taasisi? Ni maswali mazuri kwa kulinganisha nchi. Lakini tazameni yanachoacha. Rambirambi kwa mfiwa unayemjua haimo. Ada uliyomlipia mpwa haimo. Kisima mlichochimba kwa msaragambo, bila taasisi yoyote, kinaweza kutokuwemo. Sehemu kubwa ya utoaji wetu inakwenda kwa mtu tunayemjua jina, na swali lililotungwa mbali halikutani nao.

Andikeni basi tafsiri yenu kabla ya dodoso, sentensi mbili tatu. Je, fedha anazompelekea mama yake kijijini mnazihesabu? Mchango wa harusi, ambao mtoaji anatarajia urudi siku yake? Zaka na fungu la kumi, ambavyo waumini wanaviona ni wajibu? Mimi napendekeza mhesabu chochote kilichotoka nje ya kaya bila malipo ya moja kwa moja, halafu mkigawe mafungu: ndugu, jirani na rafiki, msiba na sherehe, nyumba ya ibada, shirika au kikundi, mtu asiyemjua. Mkigawa namna hiyo, msomaji anayedhani harusi si hisani ataiondoa mwenyewe. Mkichanganya, hakuna atakayeweza kuzitenganisha.

Hatua ya 6: Tungeni dodoso fupi linalokumbusha

Usimuulize mtu "kwa mwaka unatoa kiasi gani?" Atabuni. Muulize tukio la karibu. Dodoso la maswali kama haya linachukua dakika 20 hivi:

1. Tangu tarehe kama ya leo mwezi uliopita, kulikuwa na msiba wowote mlioshiriki? Mlitoa nini: fedha, chakula, kuni, kazi ya mikono?
2. Kuna mchango wowote wa harusi, kipaimara, maulidi au mahafali?
3. Kwenye nyumba ya ibada, mbali na kuhudhuria, kuna kilichotolewa?
4. Kuna ndugu au jirani aliyesaidiwa ada, matibabu, chakula, au kulelewa mtoto?
5. Kuna kikundi, shirika au kampeni ya kwenye simu mliyoichangia?
6. Kuna kazi ya kujitolea iliyofanywa na mtu wa kaya hii? Saa ngapi?
7. Kwa mchango mkubwa kuliko yote mwezi huo: nani aliuomba, ulitumwaje (mkononi, kwa simu, kwenye kikapu), na mlipata habari ulitumikaje?
8. Mwezi huo mliombwa mkakataa? Kwa nini?

Swali la 8 ndilo dhahabu. Sababu za kukataa zinafundisha kuliko sababu za kutoa, na watu huzisema kwa uwazi wa kushangaza.

Muulizeni mwanamke na mwanamume kwa zamu, nyumba hii huyu, inayofuata yule. Baba anajua bahasha ya harusi. Unga uliotoka jikoni kwenda kwa mgonjwa anaujua mama. Tarajieni pia baadhi ya watu kukataa kutaja kiasi cha sadaka, kwa kuwa Waislamu na Wakristo wote wamefundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Msilazimishe. Wapeni kadi yenye viwango (chini ya 2,000, kati ya 2,000 na 10,000, na kuendelea) waonyeshe kwa kidole, au waandike kwenye kikaratasi wakikunje na kukitia mfukoni mwa mdadisi.

Semeni ukweli kuhusu nani amewatuma, lakini maswali yanayolihusu shirika lenu yawe mwishoni kabisa. Na siku ya dodoso msipokee mchango wowote, hata ukitolewa kwa moyo. Habari zikisambaa kwamba mnauliza kisha mnachangisha, nyumba ya tano hamtafunguliwa.

Hatua ya 7: Vibali na uchaguzi wa kaya

Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, kisha mjitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi. Kuruka balozi ni kujitafutia uvumi. Kama ni utafiti wa kitaaluma, hasa ukiwa na mtafiti kutoka nje ya nchi, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kinahitajika. Kwa kuwa takwimu rasmi zina sheria yake ya 2015 na ofisi yake, NBS, kichwa cha ripoti yenu kiwe cha kiasi: "Majibu ya kaya 100 za mtaa fulani", si "Hali ya utoaji mkoani".

Uchaguzi wa kaya ndio unaotenganisha utafiti na maongezi. Mkienda kwa mnaowajua, mtapima marafiki zenu. Ombeni orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa mtaa. Tuseme zipo 600 na mnataka 100: mnachukua kila ya sita, mkianza na namba iliyopatikana kwa kura kati ya 1 na 6. Nyumba ikikutwa imefungwa, rudini jioni na Jumapili. Msirukie ya jirani, kwa sababu mtakuwa mnawapima waliokaa nyumbani mchana tu. Wadadisi wasiwe waumini wa nyumba moja ya ibada, na kabla ya kuanza walijaribu dodoso mtaa mwingine kwenye kaya kumi hivi. Maneno yasiyoeleweka yatajitokeza humo.

Chagueni mwezi kwa akili. Ramadhani utoaji unapanda, nayo inasogea mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka. Desemba kuna Krismasi, Januari kuna ada, na baada ya mavuno vijijini mifuko inalegea. Kama mna uwezo wa mara mbili kwa mwaka, chukueni mwezi mmoja wa neema na mmoja wa ukata.

Hatua ya 8: Hesabu bila kujidanganya

Namba za hapa chini ni za mfano. Kaya 62 kati ya 100 zimesema zilichangia msiba. Kwa sampuli ya 100, kweli inaweza kuwa takriban asilimia 10 juu au chini: yaani kati ya 52 na 72. Mkitaka kupunguza hadi asilimia 5, mnahitaji watu wapatao 400, siyo 200. Kwa hiyo msitangaze kwamba mtaa A umeushinda mtaa B kwa 62 dhidi ya 58.

Kwenye fedha, tumieni kiasi cha katikati badala ya wastani. Watu watano wametoa 2,000, 3,000, 5,000, 5,000 na 500,000. Wastani ni 103,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekikaribia. Cha katikati ni 5,000, na hicho ndicho kitakachowasaidia kupanga kadi ya mchango.

Muda wa kujitolea upewe thamani kwa ujira wa kibarua wa hapohapo. Kama kibarua analipwa 10,000 kwa siku ya saa 8, saa moja ni 1,250. Saa 260 za kujitolea zinakuwa shilingi 325,000. Andikeni saa na shilingi zote mbili, maana ujira hubadilika.

Majina na namba za simu za waliohojiwa zitengwe na majibu siku ya kwanza, ziwekwe kwenye faili lenye nywila, na zifutwe kazi ikiisha.

Hatua ya 9: Rudisheni matokeo, kisha mbadilishe mnavyoomba

Mkutano wa mtaa ndio msomaji wa kwanza wa ripoti. Ukurasa mmoja, kwa maneno ya kawaida, bila jina la mtu wala la nyumba ya ibada. Wataikosoa, na ukosoaji huo uingizwe kwenye ripoti ya mwisho.

Halafu chukueni majibu ya swali la 7 na la 8 myaweke kando ya ule ukurasa wa tathmini wa hatua ya 3. Kama watu wamesema wanakataa kwa sababu hawajui fedha inakokwenda, na wakaguzi wenzenu waliandika kwamba risiti hazipatikani, mmeshajua robo mwaka ijayo mnashughulika na nini kabla ya kuomba tena. Kama wanatoa kwa sababu anayeomba wanamjua, acheni kutuma ujumbe kwa namba 2,000 mlizonunua kwa wakala. Pelekeni wajumbe kumi wenye heshima, kila mmoja na majina ishirini. Kama kiasi cha katikati ni 5,000, bango linaloanzia 50,000 linawafukuza wengi wao.

Dodoso litunzwe kama lilivyo. Mwakani, mwezi uleule, ulizeni maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, hata kama kuna swali mnatamani kulipamba. Mkiwa na jipya, liongezeni mwisho.